Usitoe Uadmini kwa Muhali



Barua ya wiki hii imetoka Kiembe Samaki, kwa binti anayeshika kompyuta za ofisi ya kutembeza wageni na kukodisha magari, si mbali na uwanja wa ndege. Ameandika kurasa mbili, lakini kiini chake ni hichi: "Dada, kila mtu ofisini anataka nimfanye admini kwenye kompyuta yake. Mhasibu ni mtu mzima, makamo ya baba yangu. Wa mapokezi ni binamu yake bosi. Bosi mwenyewe naye anataka. Nikisita wananiuliza kwani siwaamini. Naona muhali. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, hauko peke yako. Wanaoshika kompyuta za maskuli, za vituo vya afya, za maduka ya steshenari, za nyumba za wageni Paje na Nungwi, wote wanaishi na jambo hili, na wengi wao ni vijana kama wewe wanaoombwa na watu waliowazidi umri na cheo. Langu la kukwambia ni moja, na mengine yote yanatoka humo: mtu akija anataka uadmini, muulize anataka kufanya nini, kisha hakikisha kazi hiyo inafanyika. Kazi mpe. Uadmini ubaki ulipo.

Kwanza tuelewane unaombwa kitu gani khasa. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuwa admini ni heshima, na watu wanaileta heshima ile ile ofisini, wakidhani ukiwanyima umewashusha. Kwenye Windows, ambayo ndiyo iliyojaa maofisini kwetu, akaunti ni za aina mbili: ya msimamizi na ya mtumiaji wa kawaida. Mtumiaji wa kawaida anafungua programu, anaandika barua, anachapisha, anaingia kwenye intaneti, anahifadhi mafaili yake na kubadilisha nywila yake mwenyewe. Kazi ya kutwa nzima anaimaliza. Msimamizi anafanya hayo, na juu yake anaweka na kuondoa programu za watu wote, anazima antivairasi, anarudisha saa nyuma, anafungua folda za wenzake, anaunda akaunti mpya, anambadilishia mwengine nywila, na akitaka anafuta kumbukumbu za nani aliingia lini. Hata wewe anaweza kukuondoa kwenye usimamizi, na kesho yake ukaja kazini huna uwezo wowote juu ya kompyuta unazozisimamia.

Lipo na jambo jengine ambalo walio wengi hawalioni. Programu yoyote unayoifungua inafanya kazi kwa uwezo wako. Ukiwa mtumiaji wa kawaida, kirusi kilichojificha ndani ya kiambatisho cha barua pepe nacho kinakuwa na uwezo wa mtumiaji wa kawaida. Ukiwa msimamizi, kirusi kimebakisha kubofya kwako mara moja tu kiwe msimamizi. Unalijua lile dirisha linalochomoza skrini ikafifia pande zote, likakuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko? Lilikuja na Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya Windows XP ambamo karibu kila mtu alikuwa msimamizi bila ya kujijua. Siku nyengine likitokea litazame vizuri. Kwa mtumiaji wa kawaida linadai nywila ya msimamizi, yaani lazima akuite. Kwa msimamizi linataka abofye Ndiyo, basi. Sasa mchukue mtu wa mapokezi, ndege ya asubuhi imeshateremka, wageni wamepanga foleni mbele yake na mabegi yao, dereva anauliza yupi anakwenda Nungwi na yupi Mji Mkongwe, simu inalia. Atalisoma dirisha lile? Atabofya Ndiyo lipite. Mimi simlaumu. Kazi ndiyo inayomsukuma, na wajibu wako ni kupanga kompyuta ile kiasi kwamba hata akibofya kwa haraka lisitokee kubwa.

Kwa hivyo suala la kuaminiana liweke pembeni kabisa. Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kanuni ambayo wataalamu wa kompyuta wanaifuata mpaka leo: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaotosha kuikamilisha. Kanuni ile haikumbagua mwaminifu na asiye mwaminifu. Imesema kila mtumiaji, na wewe umo.

Lakini najua shida yako haimo kwenye kanuni, imo kwenye muhali. Tumelelewa hivyo watu wa Unguja, na sitaki tuiache adabu yetu. Mtu mzima akikuomba kitu unaona uzito kumwambia hapana. Jamaa yake bosi akikuomba unaufikiria mkate wako. Basi unabofya mara tatu, umempa, kila mtu kafurahi. Baada ya miezi michache ofisi nzima ni wasimamizi, na siku mambo yakiharibika anayeitwa kujieleza ni wewe.

Tena nakwambia kwa moyo wangu wote: kumpa mtu uadmini kwa muhali ni kumdhulumu huyo huyo unayempa. Siku pesa zikipungua kwenye hesabu, wa kwanza kutazamwa ni wale waliokuwa na uwezo wa kurudisha tarehe nyuma, kufungua folda za wenzao na kufuta nyayo. Mzee wa watu aliyeomba kwa nia safi anajikuta anaapa mbele ya watu kwa jambo asilolijua. Mwenye akaunti ya kawaida ana kinga yake: mambo hayo hata angeyataka asingeyaweza, na hilo linathibitika. Ukimpenda mhasibu wako kama baba, mtakie kinga hiyo.

Haya, tuanze na huyo mhasibu. Umeandika kwamba anataka uadmini kwa sababu mbili: saa ya kompyuta yake inapotea kila mara, na programu yake ya hesabu haifunguki mpaka iendeshwe kwa akaunti ya msimamizi. Nimefurahi sana ulimuuliza, maana yote mawili yana dawa.

Saa inayorudi nyuma kila umeme ukikatika ni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa ya duara, ukubwa wa sarafu, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayoitunza saa wakati kompyuta haina umeme. Ikishakufa, umeme ukikatika na kurudi kompyuta inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Mhasibu anafungua tovuti ya benki, kivinjari kinamkatalia na kumwambia cheti cha usalama hakifai, kwa sababu kwa saa ya kompyuta yake cheti kile hata muda wake haujaanza. Anataka kuirekebisha saa, Windows inamzuia, maana mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa. Naye anakuja kwako: binti yangu, nifanye admini. Ombi lake lote ni betri! Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wake, gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Sukuma kijishikizo cha pembeni, betri itainuka yenyewe. Tia mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia nje, rudisha ubavu, washa, weka tarehe na saa kwa akaunti yako ya usimamizi. Betri zile hata mafundi saa wanazo.

Na kuzuiwa kwa saa kuna maana yake. Anayeweza kubadilisha tarehe ya kompyuta anaweza kutoa leo risiti ikaonekana ya mwezi uliopita. Ofisini kwenu mnapokea amana za wageni kabla ya safari, kwa hivyo hilo si jambo dogo.

Programu ya hesabu ina kazi kidogo zaidi. Programu nyingi za zamani ziliandikwa enzi zile za kila mtu kuwa msimamizi, na waliozitengeneza walizifanya zihifadhi data ndani ya folda ile ile zilimowekwa, chini ya Program Files. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, ndipo programu inapogoma. Usimpandishe mtu daraja kwenye kompyuta nzima kwa ajili ya folda moja. Tazama kwanza kama programu inakubali data yake ihamishiwe pahala pengine. Ikikubali, ihamishie kwenye folda ya kazi ya mhasibu na mambo yamekwisha. Ikikataa, ingia kwa akaunti ya usimamizi, bofya kwa kitufe cha kulia folda ndogo inayohifadhi data, nenda kwenye sifa zake, kisha sehemu ya usalama, mchague mhasibu kwa jina lake na umruhusu kubadilisha yaliyomo humo peke yake. Fanya hayo yeye akiwa amekaa pembeni yako, kisha aingie kwa akaunti yake aifungue programu mwenyewe. Ikigoma bado, mpigieni aliyewauzia mumuulize toleo jipya.

Ukishamaliza mwambie: "Baba, saa haitopotea tena, na programu yako utaifungua bila ya kumwita mtu. Kikikwama kitu nipigie, hata kama nimeshafika nyumbani." Halafu akikupigia, nenda. Wengi wanaong'ang'ania uadmini wamechoshwa na kumsubiri fundi asiyekuja, na kwa hilo wana haki ya kukasirika. Ukitaka watu waridhike na akaunti ya kawaida, wewe uwe mwepesi wa kufika. Usipoweza hilo, hata maneno matamu vipi hayatokusaidia.

Binamu yake bosi ni habari nyengine. Umesema anataka kuweka programu za kupakulia filamu, na Office "ya bure" aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi. Hapa usizunguke. Zile programu za kuvunja leseni kwa kawaida zinakuja na masharti mawili: zima antivairasi kwanza, kisha niendeshe kama msimamizi. Hebu yafikirie masharti hayo. Mtu usiyemjua, aliyeko usipopajua, anakutaka umlaze mlinzi kisha umkabidhi nyumba. Ikiwa shida yake ni kuandika barua na kutengeneza majedwali, muwekee wewe LibreOffice, ambayo ni bure kwa haki yake. Mama yake LibreOffice ni OpenOffice, ile ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitia Kiswahili mwaka 2004 wakaiita Jambo OpenOffice, na mimi mpaka leo naiona ni kazi ya kujivunia. Filamu azitazame kwenye simu yake.

Kompyuta yake ndiyo ninayoihofia kuliko zote ofisini mwenu. Iko mapokezi, inapokea flashi za kila anayepita: mgeni anataka kuchapisha tiketi, dereva ana barua yake, jirani ana mtihani wa mwanawe. Umewahi kuiona flashi ambayo folda zake zote zimegeuka njia za mkato, kila moja na mshale mdogo pembeni? Anayebofya hapo anadhani anafungua folda, kumbe anaendesha programu iliyojificha nyuma yake. Na ndani ya kompyuta hiyo hiyo mna picha za paspoti za wageni, na namba zao za simu, na tarehe za safari zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mgeni alipokupa paspoti yake uipige picha alikuamini. Binamu yake bosi apewe akaunti ya kawaida, bila ya mjadala, na kama atapeleka malalamiko kwa bosi, mwachie apeleke. Nitakupa la kumwambia bosi.

Kabla ya hapo nikuonye, usije ukadhani akaunti ya kawaida inazuia kila balaa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia vinaweza kuyafunga mafaili yote ya mtumiaji huyo, pamoja na folda za pamoja anazoruhusiwa kuandika. Akaunti ya kawaida inasaidia visivuke hapo. Kwa hivyo yale ya muhimu, yaani hesabu, bukingi na mikataba ya magari, nakili kwenye diski ya nje jioni ya kila siku ya kazi, kisha uichomoe uifungie. Diski inayoachwa imechomekwa itafungwa pamoja na mengine.

Sasa bosi. Huyu ni mwenye mali, na ana haki ya kuwa na uwezo wa mwisho juu ya mali yake. Usimbishie hapo hata kidogo. Muombe kitu kimoja tu: kwenye laptopu yake awe na akaunti mbili. Moja ya kawaida, atakayoitumia kwa barua pepe na kazi zake zote. Ya pili ya usimamizi, yenye nywila yake anayoijua yeye. Siku akitaka kuweka programu, lile dirisha litachomoza, ataandika nywila ya akaunti ya pili pale pale bila ya kutoka alipo, programu itaingia, naye ataendelea na kazi. Hakuna alichopungukiwa. Kilichoongezeka ni sekunde chache za kujiuliza kama kweli ni yeye aliyetaka kuweka kitu.

Na mwambie neno litakalompa utulivu kuliko yote: hata wewe uko hivyo hivyo. Ikiwa hauko hivyo, jiweke hivyo leo kabla hujakwenda kwake. Wewe uliye fundi ndiye unayepaswa kuwa wa kwanza kuingia asubuhi kwa akaunti ya kawaida, na kuitumia ya usimamizi pale tu panapokuwa na kazi yake. Huwezi kumnyima mzee kitu ambacho wewe mwenyewe umekivaa kutwa nzima ukisoma habari na kupakua nyimbo. Wale wenu mnaotumia Ubuntu mmeshazoea: tangu ilipotoka mwaka 2004 akaunti kuu imefungwa, na anayetaka kufanya kazi ya usimamizi anatanguliza neno sudo, anaandika nywila yake, na jina lake linabaki kwenye kumbukumbu.

Mfanyabiashara anaielewa lugha ya hasara, kwa hivyo bosi akiona unamkuzia mambo, mhadithie yaliyoikuta Maersk, wale wenye makontena. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kilichopewa jina la NotPetya kilitokea Ukraine, kupitia masasisho ya programu ya hesabu inayoitwa M.E.Doc. Kikishaingia kwenye kompyuta moja kinazichota nywila zilizobaki kwenye kumbukumbu yake. Kikikuta ya msimamizi, kinalitumia jina lake kuingia kompyuta nyengine, na nyengine, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Maersk ilibidi ipange upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, na hasara iliikadiria yenyewe kuwa baina ya dola milioni 200 na milioni 300. Zile seva zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao zilifutika dunia nzima, ikasalimika moja tu, ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika ofisini pale kirusi kilipopita. Sisi watu wa Unguja tuliokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatukuwa tunaujua umeme uliokatika kwa kheri, wale waliupata. Mfanyakazi wa Ghana aliibeba diski ile kwa ndege mpaka Nigeria akamkabidhi mwenzake, naye akaifikisha Uingereza, na kampuni ikaanza kujijenga upya kutoka hapo.

Maersk ilikuwa na uwezo wa kusimama tena. Ofisi yenye magari machache na kompyuta sita sijui itasimama kwa fedha ya nani. Muulize bosi swali hilo kwa adabu, umpe nafasi alijibu mwenyewe.

Zipo nyakati utatoa uadmini, na usijitie ukali usio na maana. Mwenzako anakwenda Pemba wiki nzima na laptopu ya ofisi, hujui atakutana na printa gani huko, nawe huwezi kuvuka bahari kumwekea. Mpe. Lakini mpe kwa akaunti ya pili, kama ya bosi, na siku unayompa ndiyo siku unayoandika tarehe ya kuiondoa. Akirudi, unaiondoa siku hiyo hiyo, kabla hamjaanza kuzungumza habari za safari. Uadmini wa muda usioandikwa tarehe ya mwisho unakaa milele; nimeona akaunti za watu walioacha kazi kitambo bado zina uwezo wote.

Weka daftari, la karatasi, lenye jalada gumu. Andika tarehe, kompyuta ipi, nani kapewa, kwa kazi gani, imeondolewa lini, na mpewaji atie saini. Watu wetu wanaiheshimu saini, na anayeombwa kusaini mara nyingi hugundua kwamba hakuwa anakihitaji kitu kile. Kila mwanzo wa mwezi pita kwenye kila kompyuta, fungua dirisha la amri, andika net localgroup administrators, na utaorodheshewa majina yote yenye usimamizi. Yalinganishe na daftari. Jina usilolitambua usilipuuze mpaka ujue limetoka wapi.

Usiidharau kazi hiyo ya kuandika. Agosti 2017, kesi ya uchaguzi wa rais wa Kenya ilipokuwa mbele ya Mahkama ya Juu, majaji waliiamuru Tume ya Uchaguzi, IEBC, itoe taarifa za mfumo wake wa kompyuta. Miongoni mwa yaliyotajwa kwenye amri ni sera ya nywila, wenye nywila za usimamizi wa mfumo, na watumiaji pamoja na ngazi za ruhusa zao. Tume haikuitimiza amri ile ipasavyo, na tarehe 1 Septemba, uchaguzi ulipobatilishwa kwa majaji wanne dhidi ya wawili, wale wanne walilihesabu hilo dhidi ya tume. Nchi nzima ilikuwa inasubiri, na mojawapo ya maswali yaliyoulizwa ni lile lile la kwako: nani ana nywila ya usimamizi? Kwenu litaulizwa na mkaguzi wa hesabu, au benki mkitaka mkopo wa magari, au polisi siku ya siku. Uwe na daftari la kulifungua.

Umeniuliza mwishoni habari ya kijana aliyekuwa fundi kabla yako, ambaye sasa yuko Maskati na bado anaijua nywila ya usimamizi ya kompyuta zote, maana ni moja. Hili lifanye la kwanza, kabla ya mhasibu na kabla ya bosi. Usianze kwa kufuta akaunti yake. Anza kwa kuunda akaunti yako mpya ya usimamizi, uingie nayo, uhakikishe inafanya kazi. Watu wamejifungia nje kwa pupa. Nakili mafaili ya ofisi yaliyomo kwenye akaunti yake ya zamani. Kisha izime, na kila kompyuta uipe nywila yake ya usimamizi, tofauti na nyengine, ili ikivuja moja zisiende zote. Kumbuka ruta ya Wi-Fi nayo ina nywila ya usimamizi, na barua pepe ya ofisi, na ukurasa wenu unaopokea bukingi. Aghalabu zote zilifunguliwa kwa jina la fundi yule yule. Nywila mpya ziandike kwenye karatasi, ziweke ndani ya bahasha, igundishe, wewe na bosi mtie saini juu ya mkunjo wake, ifungiwe kwenye kasha la fedha. Ukiumwa, au ukipata kazi kwengine, ofisi isikwame kwa ajili yako kama ilivyokaribia kukwama kwa ajili yake.

Kisha mpigie simu kijana huyo. Usimtumie ujumbe, mpigie, umsalimie, umuulize hali ya Maskati na familia. Mshukuru kwa kazi aliyoifanya, mwambie umebadilisha nywila zote na kwamba jina lake limo kwenye daftari kuwa amekabidhi, pamoja na tarehe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhesabu mwenye kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa kuwa ametenda kosa, na yeye aliyeacha kazi zamani hana tena ruhusa hata kama nywila anaikumbuka. Muombe pia akutajie chochote alichokiweka kinachojiendesha chenyewe usiku, kama kunakili mafaili au kutuma ripoti, kwa sababu kikiwa kimefungwa kwa akaunti yake kitasimama siku utakayoizima, na wewe utahangaika kutafuta sababu. Maskati iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hivyo mpigie alaasiri kabla hawajaingia kwenye magharibi.

Dada yenu.